Mlinzi wa Hoteli Iliyofungwa

Kabla hajamsalimia mtu, alifungua dirisha. Hata mwezi wa saba, Johannesburg ikiwa imekauka kwa baridi na sisi tumejifunika mablanketi katika chumba chetu cha ghorofa ya juu kule Berea, alipita katikati yetu na begi mgongoni, akaisukuma fremu ya chuma mpaka ikalia, ndipo akageuka na kusema, "Bon. Amani kwenu."

"Muzee, utatuua," Mama alimwambia.

"Mama Nadia, hii si baridi. Huu ni upepo tu."

Tulimwita Mlinzi. Nilipozungumza naye ana kwa ana nilimwita tonton, kama watoto wa Bujumbura tunavyowaita wanaume wa umri wa baba zetu, lakini akishaondoka alikuwa Mlinzi tu. Alilinda hoteli ndogo iliyofungwa, juu milimani karibu na mpaka wa Lesotho, ambako zamani watalii walikuwa wakienda kuitazama theluji. Mwenye hoteli alihamia ng'ambo akamwachia funguo. Waya wa umeme haufiki huko. Maji yanatoka kwenye chemchemi, moto ni wa makaa ya mawe, na taa ni moja ndogo ya jua ambayo siku za mawingu huzimika hata chakula cha jioni hakijaiva. Ukitaka mtandao wa simu, unapanda mgongo wa mlima ulio nyuma ya nyumba na kunyanyua mkono. Theluji ikijaa barabarani, hakuna gari linalopanda wala linaloshuka. Aliishi huko peke yake. Akishuka Johannesburg kununua vitu alilala kwetu, kwa sababu yeye na marehemu baba yangu waliwahi kukaa kambi moja ya wakimbizi, Tanzania.

Hiyo ndiyo habari aliyotupa yeye mwenyewe. Hakuna mtu mwingine tuliyemfahamu aliyewahi kufika huko, na jambo hilo lilinisumbua mimi kuliko lilivyomsumbua Mama. Nilisoma biolojia chuo kikuu nikamaliza, halafu nikaishia kupokea simu za wateja wa kampuni ya bima, maana karatasi zangu za ukimbizi huwatia waajiri kigugumizi. Kutwa nzima nasikiliza watu wakisimulia ajali zao, na kazi yangu ni kutafuta mahali hadithi inapovuja. Mlinzi nilimsikiliza hivyohivyo.

"Theluji inafika wapi huko, tonton?"

"Kwenye kitasa."

"Sasa mlango unaufungua vipi?"

"Unafungukia ndani."

"Hoteli nzima, milango yote inafungukia ndani?"

Alimgeukia Mama. "Huyu binti yako ni wakili."

Nikamwambia sikusoma sheria.

"Hapo ndipo hatari ilipo. Wakili aliyesoma sheria anajua pa kunyamaza."

Tangu siku hiyo sikuwa Nadia tena kwake. Nilikuwa Wakili, na alilitamka jina hilo kwa furaha ya mtu aliyepata mpinzani baada ya kuzungumza na jiko muda mrefu.

Mengine aliyosimulia yalikuwa kweli. Alisema kiazi kikiganda kinakuwa kitamu na cheusi, kwa hiyo gunia la viazi lililala karibu na jiko na yeye akalala nyuma ya gunia. Nilisoma, nikakuta ni kweli. Alisema betri ya simu hufa kwa baridi, kwa hiyo alilala nayo kwapani. Kweli pia. Lakini alidai vilevile kwamba anayekunywa maji ya moto bila sukari hasikii baridi mwilini, na kwamba baridi kali inaua kila ugonjwa, ndiyo maana yeye hajawahi kuumwa. Alinisimulia chui aliyekuja kulala barazani. Nilipomuuliza alama za miguu zilikuwaje, chui akageuka mbweha. Nilipouliza tena, akasema kulikuwa na giza.

Nilimpenda, nadhani. Sikumwamini, na nimegundua kwamba mambo hayo mawili hayagombani kama watu wanavyofikiri.

Alikuwa na vituko vya mtu aliyekaa sana bila kutazamwa. Akila alinyamaza kabisa, uso juu ya sahani, na ukimwongelesha wakati huo alishtuka kama umemkuta bafuni. Alikausha nguo zake mgongoni badala ya kuzianika. Kila safari alinunua ndagala kwa wafanyabiashara wa Kikongo pale Yeoville, samaki wetu wadogo wa Ziwa Tanganyika, akawajaza begini mpaka abiria wenzake kwenye teksi, yaani daladala za huku, wakamlalamikia. "Wanalalamika nini?" alituuliza. "Samaki hawa wametoka Bujumbura, wamekatisha nchi ngapi bila kupigwa na mtu, na sasa wanakwenda kuona theluji. Wangewapigia makofi."

Umeme aliudharau. Alisema umetulegeza, kwamba siku ratiba ya mgao ikifika tunakaa gizani kama kuku, tunangoja mtu ambaye hatumjui aturuhusu kupika. Hilo lilikuwa kweli, maana jengo letu lilikuwa likikatiwa umeme na maji hata siku ambazo ratiba haikututaja, na tulipanda ngazi na ndoo. Lakini mtu huyohuyo alikuwa akiomba nafasi karibu na swichi, akachaji simu, redio na tochi zake zote, na akaitazama ile taa ndogo nyekundu ya chaja kama watu wengine wanavyotazama mpira.

Alisema kule milimani hajawahi kuogopa kitu. Hapa mjini aliogopa mpaka robot, zile taa za barabarani. Taa ya kuvukia ikiwaka kijani alibaki amesimama ukingoni, akiwangoja madereva wote wa teksi waliokuwa bado hawajaamua kusimama, mpaka Mama alipomshika mkono wa koti na kumvuta.

"Eish, Muzee, vuka! Ni zamu yetu."

"Wao wanajua kwamba ni zamu yetu?"

Mama alicheka sana siku hiyo. Nalikumbuka cheko lile kwa sababu baada yake lilipotea kwa muda.

Mama ni fundi cherehani. Alikuwa amekodi sehemu ya baraza mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, Rosettenville, na alishona sare za kwaya, mapazia, suruali za walinzi wa usiku. Asubuhi moja likapita kundi la watu wenye filimbi na fimbo. Waliingia duka moja baada ya jingine wakiwaambia wageni wafunge waondoke. Hawakumpiga. Mmoja wao, kijana wa umri wangu, alimsaidia hata kufungua parafujo za cherehani ili aibebe upesi, huku akimwambia kwa upole kwamba akimkuta tena ataichoma. Mama alirudi Berea na kichwa cha cherehani mapajani, ndani ya teksi, amekikumbatia.

Baada ya hapo hakulala. Nyayo zikisikika koridoni alizima taa na kuniziba mdomo kwa kiganja, mimi mtu mzima mwenye shahada. Jirani akigonga kuomba chumvi, Mama alikaa kimya mpaka jirani akakata tamaa. Kwenye simu watu walitumiana ujumbe wa sauti: kesho watapita Berea, la, ni Jumamosi, la, wameshaanza mtaa wa chini. Nilimwambia nusu ya ujumbe huo ni uzushi. Aliniuliza ni nusu ipi.

Mlinzi akashuka wakati huo. Alifungua dirisha, akatazama cherehani iliyokuwa sakafuni imefunikwa kitenge, akalifunga tena dirisha bila kuambiwa.

Nilianza kuona kwamba hadithi zake zimebadilika. Zamani alizisimulia kwa majivuno. Sasa alizisimulia kama mtu anayepanga bidhaa mezani. Hakusema tena theluji inafika kwenye kitasa. Alisema kuna chumba upande wa mashariki, jua linakipata asubuhi yote, na meza ndefu ya mkahawa ambayo mtu angeweza kukatia vitambaa. Alisema wachungaji wa kondoo wa Lesotho wanapita wakiwa wamevaa mablanketi, wanahitaji nguo za kushonewa, na hakuna aliyewahi kumuuliza anatoka wapi.

"Hakuna anayegonga mlango?" Mama aliuliza.

"Atagonga nani? Mtu wa kwanza yuko bondeni. Akianza kuja, unamwona mpaka unachoka kumwona."

Mama alirudia maneno hayo polepole. Mimi nilikuwa jikoni, nikatambua tumeshafika wapi.

Mlinzi alikuja rasmi Jumapili, baada ya ibada, na kreti la soda begani. Kwetu Burundi mtu akitaka kuoa haendi kwa mwanamke. Anakwenda kwa ukoo wake, na ukoo humweka msemaji. Msemaji ana haki ya kumuuliza mwombaji lolote mbele ya watu, na vinywaji vilivyoletwa haviguswi mpaka ukoo uridhike. Msemaji akinywa, ukoo umekubali. Lakini Mama hana kaka Afrika Kusini. Wajomba waliobaki wametawanyika, na mmoja tuliyempata kwa simu alikuwa Kanada kazini, akasema tuamue wenyewe.

"Wewe ndiye ukoo," Mama aliniambia.

Nilidhani anatania. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri.

Basi nikaketi kwenye kiti cha plastiki upande wa dirisha, na mzee wa umri wa baba yangu akaketi mbele yangu, magoti pamoja, kofia mkononi. Shahidi wetu alikuwa jirani, msusi wa nywele kutoka Uvira, ambaye alishindwa kunyamaza tangu mwanzo.

"Uliza, mama, uliza!" alinihimiza. "Mwanaume huyu anataka kumtia mtu wetu kwenye friji!"

Niliuliza. Barabara inafungwa muda gani? Inategemea. Mtu akiugua? Jirani wa bondeni ana pikapu. Pikapu inapita kwenye theluji? Hapo alisita. Nikamuuliza amewahi kuumwa huko. Akasema hajawahi, na macho yake yakaenda sakafuni.

Kuna jambo nililokuwa nimeliona. Umeme ukirudi tukawasha hita, sote tulisogea isipokuwa yeye. Alirudisha miguu chini ya kiti na kukunja uso. Akitembea, aliweka kisigino kwanza na mguu wa kushoto ukaanguka bapa kama kandambili. Na katika miaka yote ya kulala kwetu, hata Januari watu wanapolala vifua wazi, hakuvua soksi. Nilikuwa na dhana, na nilikuwa na haki ya kuuliza.

"Vua soksi, tonton."



"Nadia!" Mama alisema. Kumwambia mzee avue mbele za watu ni tusi, na nililijua hilo nilipokuwa nalitamka.

Jirani yetu alijishika kinywa. Mlinzi hakuniangalia kwa hasira. Alikohoa kidogo akasema, "Msemaji wa ukoo ameuliza," na akainama.

Mguu wa kushoto haukuwa na vidole, isipokuwa kimoja kidogo cha pembeni. Ngozi ilikuwa imejifunga juu yake, ya kung'aa, rangi ya nta. Alitueleza akiwa amekikazia macho kidole hicho, si sisi. Alikwenda kwenye chemchemi, barafu ikavunjika, maji yakaingia kwenye buti. Aliporudi jiko lilikuwa limezimika. Aliwasha moto akakaa mbele yake, na kwa kuwa miguu haikuuma alidhani ni mizima. Akasinzia na buti zake miguuni. Kisha barabara ikafungwa, na ilipofunguliwa hakukuwa na cha kuokoa.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza.

"Ningewaambia, mngekubali?"

"Umesikia, Mama?"

Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ule mguu, kama fundi aliyeletewa nguo iliyochanika, akitafuta mahali pa kuanzia.

"Nani alikuvua buti?" alimuuliza.

"Nilivua mwenyewe. Nilichelewa."

"Angekuwepo mtu?"

Mlinzi akafikiri. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta jibu la kweli na si jibu zuri. "Angekuwepo mtu, angenitukana nivue mlangoni."

"Basi," Mama akasema.

"Basi nini?" Nilisimama. "Mama, huo ni ushahidi wa kutokwenda! Mguu huo unauona? Huko mtu anaweza kufa na asigundue."

"Na hapa?" Alibaki amepiga magoti. "Hapa nitagundua, mwanangu. Nagundua kila siku."

Walinitazama wote watatu, pamoja na jirani yetu ambaye sasa alikuwa analia waziwazi. Ningeweza kukataa. Ndiyo maana ya msemaji, na wala wasingeenda kinyume nami. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Niliitazama mikono ya Mama. Tangu Rosettenville ilikuwa ikitetemeka hata akishika kikombe, nami nilikuwa nimejizoeza kutoitazama. Ilikuwa imeshika mguu wa yule mzee na ilikuwa imetulia.

Hawakuwa wamenishawishi. Nilifungua soda, ikamwagikia gauni langu, nikanywa.

Walipanda baada ya Pasaka, wakiwa na cherehani, magunia, na begi la ndagala. Tulizungumza pale Mama alipoweza kupanda mgongo wa mlima, na sauti yake ilinifikia vipandevipande, upepo ukila maneno ya katikati. Alisema milango kweli inafungukia ndani. Alisema ameshona blanketi la mchungaji likawa koti. Alinisimulia kuhusu ukimya, kwamba mwanzoni ulimpigia masikioni. Kisha baridi ikaanza kwetu pia, maji yakaganda kwenye ndoo barazani kwetu Berea, taarifa ya habari ikaonyesha milima imekuwa myeupe, na simu yake ikawa haipatikani.

Niliendelea kupokea simu za wateja. Mwanamke mmoja aliniambia gari lake limegongwa na mti, nikamwambia pole sana, nikagundua nimemwambia hivyo mara nyingi mpaka akauliza kama mimi ni mzima.

Aliyenipigia hatimaye alikuwa muuguzi. Mlinzi alikuwa wodini, Johannesburg, amehamishwa kutoka hospitali ya mji mdogo ulio chini ya milima. Aliletwa peke yake.

Nilimkuta mchana wa kutembelea wagonjwa, amelala chali, uso umekuwa mdogo. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji mpaka chini ya goti na uliishia mapema kuliko unavyopaswa kuishia. Sikumsalimia. Nilimuuliza jambo nililokuwa nalijua tayari, nisikie yeye atalisimulia vipi.

"Mama yuko wapi?"

"Juu."

"Na nani?"

Aliniambia kidonda cha zamani kilifunguka, mguu ukaanza kunuka, na Mama alimtuma mchungaji akamwite jirani wa bondeni. Pikapu ilifika mara moja tu, theluji ilipolegea. Ilikuwa na nafasi. "Nilimwambia apande. Alisema jiko likizimika mabomba yatapasuka, mwenye hoteli atatufukuza, na yeye hana tena mahali pa kurudi. Alinifunga mkanda kama mtoto akaubamiza mlango wa gari." Alishika ukingo wa shuka. "Umesikia chochote kutoka kwake?"

"Amepiga leo asubuhi."

Alijaribu kuketi. "Wewe mwenyewe ulimsikia? Sauti yake, si ujumbe?"

"Sauti yake."

"Ilikuwaje?"

Ningeweza kumpa jibu zuri. "Ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anahema. Makaa yameloa, moto haushiki vizuri. Nilimwambia ashuke na gari la kwanza litakalopita, akakataa."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Huku nalala, Nadia.'"

Mlinzi aliweka mkono juu ya macho. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na familia nzima, wanakula kuku na kucheka kwa Kizulu.

"Nilikuambia siogopi kitu kule," alisema chini ya mkono. "Uliniamini?"

"Hapana."

"Vizuri." Akautoa mkono, akajiweka sawa juu ya mto, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ya Jumapili ya soda. "Msemaji wa ukoo. Nilikuja kwenu nikaomba mtu. Nimeshindwa kumtunza. Leo namrudisha kwenu, mkamchukue."

Hakuwa anatania. Alikuwa amenikazia macho akisubiri, nami nikaona kwamba amelipanga neno hili njia nzima, ndani ya pikapu, kwenye gari la wagonjwa, labda mpaka walipomlaza kwenye meza ya upasuaji. Yeyote angeweza kwenda kumchukua Mama. Lakini kwa maneno yale alikuwa ananipa mamlaka ya kumshusha hata kama hataki.

"Ukoo haumpokei," nilimjibu.

"Wakili—"

"Mtu harudishwi na aliyelala kitandani. Ulikuja kwa miguu yako kumwomba, utakuja kwa magongo kumrudisha. Usimame, umwambie yeye, si mimi, mbele yangu. Akikubali, tutashuka wote."

"Mbele yako wapi?"

"Juu kule. Naondoka kesho asubuhi."

Alinitazama usoni, akateremsha macho mpaka miguuni pangu, kwenye raba zangu za kitambaa za kutembelea mjini.

"Na hizo?"

"Nitanunua viatu."

"Vikubwa," alisema. "Viingie na soksi mbili. Vya kubana vinaua." Halafu akageukia ukutani na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi sikukaa kuchunguza kama alikuwa analia au anacheka, kwa sababu maduka yalikuwa yanakaribia kufungwa.